Baiskeli ya umeme ni baiskeli au ni pikipiki?

SWALI: Mimi na wenzangu hapa Kisumu tunapeleka mizigo kwa baiskeli za umeme. Tunataka kuliandikia Bunge ombi tupunguziwe kodi. Wenzangu wanasema tuandike tu "baiskeli za umeme zisitozwe kodi." Inatosha? Na tuseme wati ngapi?

JIBU: Haitoshi, dada. Hayo ni maneno ya bango. Forodha wanakwenda kwa namba za aina za bidhaa: baiskeli ya kawaida ni 8712, lakini ukishaitia mota inahamia 8711.60, kapu moja na pikipiki za umeme. Sheria ya Fedha ya 2023 iliziweka baiskeli za umeme kwenye kiwango cha sifuri cha VAT, ila kila mwaka huja muswada mpya wa fedha. Kama hamna tafsiri inayowatenga na pikipiki, siku pikipiki zikibanwa, nanyi mmebanwa.

Kwa hiyo anzeni na tafsiri, kodi ifuate.

Ulaya wanasema hivi: ina pedali, mota husaidia tu mtu anapokanyaga, hukata ikifika kilomita 25 kwa saa, na nguvu yake endelevu haizidi wati 250. Hilo neno "endelevu" msilisahau: ni nguvu ambayo mota inaweza kuitoa mfululizo, si ya ghafla. Angalia baiskeli yako: betri ya volti 36, kontrola (kifaa kinachopima umeme wa kwenda kwenye mota) ya ampea 15. Zidisha, unapata wati 540, hata kama kibandiko cha mota kinasema 250. Hakuna aliyedanganya. Zile 540 ni za kupandia mlima kwa muda mfupi. Mkiandika "isizidi wati 250" bila kufafanua, askari mwenye kikokotoo atawatoa barabarani.

Tena mimi singenakili hizo 250. Ninyi mnabeba mizigo. Baiskeli, mtu na mzigo vikifika kilo 180, mwinuko wa asilimia 5 kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa unadai karibu wati 295 kwa kupanda peke yake, bado msuguano na joto la mota. Miguu itatoa labda 100, zilizobaki zote ni za mota. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya 2002 inaruhusu mota ya chini ya wati 750. Ombeni nguvu ya kutosha, ila kwenye kasi msilegeze: anayevuka barabara na mtoto mgongoni anaumizwa na kasi.

Jambo la betri litajeni wenyewe kabla hamjaulizwa. Jiji la New York, baada ya mioto mingi, lilipitisha sheria mwaka 2023 kwamba baiskeli ya umeme isiuzwe bila kuthibitishwa kwa kiwango cha usalama wa umeme kiitwacho UL 2849. Mbunge aliyeona video ya betri ikiwaka hatasikiliza habari za kodi.

Ombi la tafsiri na kodi lipelekeni Bungeni. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki hiyo. Maegesho na njia za baiskeli kwenye barabara za kaunti ni kazi ya kaunti, na bunge la kaunti nalo hupokea maombi. Msiyachanganye kwenye barua moja, itazungushwa ofisi hadi ofisi.

Ambatisheni picha ya kibandiko cha mota, na nyingine ya baiskeli ikiwa juu ya mizani na mzigo wake kamili. Kwa wabunge wengi hiyo ndiyo itakuwa mara ya kwanza kuiona.