Usikimbilie maana, hesabu mizani kwanza

Wasomaji wengi wa mashairi ya kale huanza na swali "mshairi anasema nini?", kisha wanakwama kwenye msamiati na kukata tamaa. Ushauri wangu, ambao umenifaa kila ninaposoma tungo hizi na vijana, ni kuliahirisha swali hilo. Soma ubeti kwa sauti, gonga meza kwa kila mizani, yaani kila silabi, usikilize sauti inatua wapi.

Chukua Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, utungo unaoomboleza kuanguka kwa Pate, mji wa kale katika visiwa vya Lamu. Mshairi anakumbuka matajiri wa mji ule:

Nyumba zao mbake zikinawiri,
kwa taa za kowa na za sufuri;
masiku yakele kama nahari,
haiba na jaha iwazingiye.

Kila mshororo una mizani 11, na utajikuta unapumua baada ya ile ya 6. Sasa nenda beti kadhaa mbele:

Nyumba zao mbake ziwele tame,
makinda ya popo iyu wengeme;
husikii hisi wala ukeme,
zitanda matandu walitandiye.

Umesikia? Kipande cha kwanza ni kilekile, mizani zilezile 6. Unapotua, sikio linangojea taa ziwake tena, nalo linapokewa na ukiwa, popo na utando wa buibui. Mshairi hakusema "zamani ilikuwa vile, leo ni hivi". Anguko la mji mzima amelitia ndani ya pumziko moja dogo. Kwangu mimi huu ni miongoni mwa beti bora kabisa katika fasihi yetu, na hakuna ufafanuzi wa nathari unaoweza kuufanyia kazi yake.

Vina navyo vina lao. Mishororo mitatu ya mwanzo hubadili kina kila ubeti, hapa -ri, pale -me, lakini wa nne hurudi kwenye -ye. Fahari inaishia hapo, magofu nayo yanaishia hapohapo. Katika utungo unaokumbusha mauti, hilo si pambo.

Maneno magumu ya Kiamu, lahaja ya Lamu, yatafute baadaye, katika usomaji wa pili.

Kisha linganisha na Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, mama mgonjwa akimwusia bintiye: "Negema wangu binti / mchachefu wa sanati / upulike wasiati / asa ukazingatia." Mizani 8 tu, bila pumziko la kati. Kila mshororo unatoshea pumzi moja ya mtu anayezungumza karibu na sikio la mwanawe. Upanue uwe na ukwapi na utao, yaani vipande viwili vya mshororo, wosia utageuka hotuba.

Kwa hiyo wewe unayejiandaa na mtihani, ukishaandika "hili ni shairi la tarbia" au "huu ni utenzi", usiweke kalamu chini. Ongeza sentensi ya pili: kwa umbo hili, ni nini kinasikika hapa ambacho katika umbo jingine kisingesikika?