Maswali yenu kuhusu Luxor, Misri: makaburi, mahekalu na makumbusho

Nina siku mbili tu. Nianze upande upi wa mto Nile?

Anza magharibi, na uvuke alfajiri. Wamisri wa kale walizika wafu upande jua linakotua, kwa hiyo makaburi yote makubwa yako huko, milimani, ambako hakuna mti wa kukusitiri. Bonde la Wafalme, walikozikwa mafarao, hufunguliwa saa 12 asubuhi. Ikifika saa 4 mabasi ya watalii yamekwisha kujaa na joto limepanda. Siku ya pili ibaki kwa mashariki: Hekalu la Karnak asubuhi, Hekalu la Luxor jioni taa zinapowashwa.

Pantoni ya abiria hutia nanga karibu na Hekalu la Luxor na nauli yake ni ndogo sana. Ukishuka ng'ambo, patana bei ya teksi ya siku nzima kabla hujapanda, ukitaja kila mahali unapotaka kwenda.

Tiketi ya Bonde la Wafalme inaruhusu makaburi mangapi?

Matatu, kati ya yale yaliyofunguliwa siku hiyo. Kaburi la Tutankhamun, la Seti I na la Ramesses V na VI yana tiketi zake, na hizo hununuliwa pale pale langoni kabla ya kuingia. Usishangae kukuta kaburi ulilolitamani limefungwa. Pumzi na jasho la wageni huongeza unyevu, unyevu huamsha chumvi iliyomo kwenye mwamba, na chumvi ikitoka hubandua rangi. Ndiyo maana yanapumzishwa kwa zamu.

Beba kadi ya benki, maana madirisha ya tiketi ya maeneo makubwa hayapokei fedha taslimu. Kosa jingine linalowapotezea watu saa nzima ni tiketi za hekalu la Medinet Habu, kijiji cha mafundi cha Deir el-Medina na makaburi ya wakuu: hizi zimezoeleka kuuzwa kwenye ofisi ya njia panda, mbele kidogo ya zile sanamu mbili kubwa za Memnon. Mwambie dereva asimame hapo kwanza.

Mama yangu ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Ataweza?

Ataweza, mkichagua vizuri. Kutoka langoni kuna vigari vya umeme. Mpelekeni kaburi la Ramesses IV: njia yake ni pana, imenyooka, mteremko ni mdogo, na dari yake ina mchoro wa mungu wa anga, Nut, ambao hata kijana hapaswi kuukosa. La Ramesses III nalo linafaa. La Thutmose III mwacheni. Mnapanda ngazi za chuma kwanza, kisha mnashuka ndani kabisa.

Kaburi la Tutankhamun lina thamani ya tiketi ya ziada?

Kwa umaarufu, ndiyo. Kwa macho, hapana. Mwanaakiolojia Mwingereza Howard Carter alilipata Novemba 1922, lakini ni vyumba vinne vidogo na kimoja tu ndicho kilichochorwa. Maiti ya Tutankhamun bado imo; dhahabu haimo, iko Giza. Fedha hiyo tungeiweka kwa Seti I, hata kama tiketi yake ni ghali zaidi: urefu wa zaidi ya mita 130, na michongo iliyonyanyuliwa ukutani kwa ustadi usio na mfano bondeni.

Makumbusho ya Luxor, au ya ukaushaji maiti?

Ya Luxor, bila kusita. Vitu ni vichache, kila kimoja kimemulikwa peke yake, maelezo yanasomeka. Tafuteni ukumbi wa sanamu zilizofukuliwa mwaka 1989 chini ya ua wa Hekalu la Luxor, hasa ile ya farao Amenhotep III ya jiwe jekundu. Nendeni baada ya kuona hekalu lenyewe, mjue zilitoka wapi.

Nitaona nini kwenye Hekalu la Luxor ambacho waongozaji hukipita?

Msikiti wa Abu Haggag. Mlango wake wa zamani unaning'inia mita kadhaa juu ya sakafu ya ua wa Ramesses II. Ulipojengwa, hekalu lilikuwa limefukiwa na mchanga na tope, na huo mlango ulikuwa usawa wa ardhi. Bado watu wanaswali humo, kwa hiyo ukitaka kuingia, ingia kwa njia ya barabarani nje ya hekalu, umejistiri, nje ya nyakati za swala.