Unapoingia Timu ya Programu, Jua Kwanza Nani Anaamua Nini

Wewe unayeanza kazi katika timu inayotengeneza programu kwa njia za ajaili, yaani kwa vipande vidogo vidogo vinavyokamilishwa na kupimwa mara kwa mara, ninakuomba, kabla hata hujafungua msimbo, ujue ni nani mwenye neno la mwisho juu ya kazi ipi itangulie na ipi ingoje. Timu yangu ya kwanza hapa Amu ilikuwa ikitengeneza mfumo wa kukata tikiti za mashua zinazovusha abiria kutoka Mokowe, nayo ilikwama kwa jambo hilo hasa. Meneja wa mteja wetu alitaka malipo ya simu, mhasibu wake alitaka ripoti, nahodha naye alitaka orodha ya abiria. Kila mmoja alimwendea fundi anayemjua, nasi kwa kuona haya tukawaitikia wote, hata ikapita miezi miwili bila kitu kimoja kilichokamilika.

Mwongozo wa Skramu, mojawapo ya njia hizo za ajaili, toleo la mwaka 2020, ulioandikwa na Ken Schwaber na Jeff Sutherland, unaeleza kwamba mmiliki wa bidhaa ni mtu mmoja, si kamati. Huwasikiliza wengi, lakini mpangilio wa orodha ya kazi ni dhamana yake, na ni yeye peke yake awezaye kusitisha sprinti, yaani kipindi kifupi cha kazi kilichopangiwa lengo lake. Kwa hiyo mtu akikushika gatini au nje ya msikiti akakupa ombi, mpokee kwa adabu, usimwahidi lolote, kisha ulifikishe kwa mmiliki.

Watengenezaji, wakiwemo wanaojaribu programu na wanaosanifu kurasa zake, ndio wanaoamua kazi ifanywe vipi. Kikao cha kila siku cha dakika 15 ni chenu cha kupanga siku. Si mahali pa kumtolea mkubwa taarifa.

Msimamizi wa Skramu hudhaniwa na wageni wengi kuwa ndiye bosi, na sivyo. Yeye huifunza timu utaratibu na kusaidia vikwazo viondoke: kwetu, ndiye aliyetuombea ruhusa ya kupanda mashua ili tuijaribu programu mikononi mwa makarani wenyewe.

Hatimaye mteja alimteua mama mmoja aliyekuwa amekata tikiti gatini kwa miaka mingi awe mmiliki wa bidhaa. Alianza na orodha ya abiria, kwa kuwa nahodha huihitaji kabla ya kung'oa nanga, akaziweka ripoti mwisho. Na sprinti ya kwanza, ya wiki mbili, ilipokwisha, orodha ile ilikuwa tayari ikitumika Mokowe.