Re: Mtoto anaelewa nini wakubwa wakigombana?

Mkuu, umeuliza kama watoto huelewa ugomvi wa wakubwa, na kama kuna riwaya ya Kiswahili inayoligusa hilo. Anza na Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971). Baba anampiga binti yake, Rosa, kwa sababu ya barua ya mvulana, binti anakua akiwaogopa wanaume. Wengi humlaumu Rosa kwa kujiachia kwa wanaume alipofika chuoni. Mimi nailaumu ile fimbo.

Sasa njoo huku Moshi. Krismasi iliyopita tulipanda Kibosho kwa bibi, ukoo mzima kihambani (shamba la ukoo). Mimi na kaka yangu tulikuwa mwaka wa pili hatusalimiani, kisa mpaka wa migomba (aibu, najua). Binti yangu wa miaka 5 akambebea kaka bakuli la mtori (supu ya ndizi na nyama), mikono inatetemeka, nusu umeshamwagikia gauni la sikukuu.

"Baba mkubwa, mama amesema wewe huli vya kwetu. Huu ni wa bibi."

Kimya. Hata wazee waliokuwa wakinywa mbege, pombe ya ndizi, walishusha vibuyu. Mke wangu alitamani ardhi ipasuke.

Kaka akaupokea, akala. Mpaka bado hatujauzungumzia, ila bakuli lilirudi jeupe.