Mpe mtu kazi, kisha nyamaza: ninavyopima tovuti

Wenye tovuti wanaponiomba niwapimie, swali lao la kwanza karibu kila mara ni kama inafanya kazi. Mara nyingi inafanya. Kurasa zinafunguka, viungo havijakatika, fomu inatuma, ile 404, ujumbe wa kwamba ukurasa haupo, haionekani popote. Hata hivyo watu wanaingia, wanazunguka, kisha wanatoka bila kufanya walichokuja kufanya. Kwa hiyo mimi hupima mambo mawili na kuyatenga kabisa: kama tovuti inatimiza ilichoagizwa na walioitengeneza, na kama mtu asiyeijua anaweza kumaliza shughuli yake bila kuomba msaada. La kwanza lina vifaa vingi vya kulipimia, tena vya bure. La pili linataka umkalishe mtu mbele ya skrini, umtazame.

Hilo la pili ndilo linalokwepwa, na kisingizio huwa gharama. Mwaka 1993 Jakob Nielsen na Thomas Landauer, watafiti wa namna watu wanavyotumia kompyuta, walichapisha hesabu ya namna matatizo ya matumizi yanavyoibuka kadiri unavyoongeza watu wa kupima nao. Mwaka 2000 Nielsen akaieleza kwa lugha nyepesi: katika miradi waliyoichambua, mtu mmoja aliibua kwa wastani asilimia 31 ya matatizo, na watu 5 wanatosha kuibua takriban asilimia 85. Namba hiyo 5 imekaririwa sana, ila nusu ya ushauri imeachwa njiani. Hakusema pima na watu 5 ufunge daftari. Alisema ukiweza kupata watu 15, wagawe katika awamu 3, na kila baada ya awamu urekebishe ulichokiona. Tena, watumiaji wako wakiwa makundi yanayotofautiana sana, kila kundi lipate watu wake. Mnunuzi na muuzaji hawaijui tovuti kwa namna moja, hata kama wanaingia kwa anwani ileile.

Usiwachukue wenzako wa ofisini. Wao wanajua menyu iko wapi kwa sababu walikuwepo ilipowekwa. Na yule hodari wa kompyuta ambaye kila mtu atakupendekezea, mwache pia. Atakuwa ameshalizunguka tatizo kabla wewe hujaliona.

Sasa, kazi unayompa. Hapa ndipo majaribio mengi huharibikia, na huharibika kimyakimya, maana matokeo yanapendeza. Kitufe kimeandikwa "Fungua akaunti", na mpimaji anamwambia mtu, "Tafadhali fungua akaunti." Mtu anayasaka maneno hayo, anayaona, anabofya. Umepima macho yake tu. Mimi huandika kazi kama haja ya maisha, bila neno hata moja lililo kwenye ukurasa: "Unataka bili zako zije kwa njia ya mtandao badala ya karatasi. Endelea." Hapo mtu analazimika kukisia, na makisio yake ndiyo unayoyataka. Atafungua "Huduma zetu" kwanza? Atashuka hadi chini kabisa ya ukurasa? Ataandika kwenye kisanduku cha kutafuta? Kila njia aliyoijaribu kabla ya ile sahihi inakuonyesha mahali alipotarajia kukikuta kitu.

Kabla hajaanza, mwambie wazi kwamba inayopimwa ni tovuti. Usiporuka hatua hii utaepuka mengi, kwa sababu watu hujilaumu upesi mno. Utasikia "mimi na mambo haya ya mtandao bwana" kutoka kwa mtu ambaye hana kosa lolote. Fomu ndiyo imeficha kitufe cha kuendelea chini ya kibodi ya simu. Kisha mwombe awaze kwa sauti: aseme anachotafuta, anachotarajia kitatokea, kinachomshangaza. Njia hii Clayton Lewis wa IBM aliieleza mwaka 1982 kwa kupimia mifumo ya kompyuta, na bado sijaona inayoishinda kwa bei.

Halafu nyamaza. Nakiri ni sehemu ngumu kuliko zote, hasa kama wewe ndiye uliyeijenga tovuti. Mtu akikwama, kidole chako kinataka kunyooka chenyewe kuelekea kwenye skrini. Akikuuliza, "Nibonyeze hapa?", mrudishie swali: "Ungekuwa peke yako ungefanyaje?" Akitulia bila kusema kitu, acha atulie. Wenye tovuti wanaotaka kuhudhuria huwa nawaweka chumba kingine wakitazama kupitia skrini, kwa sababu mara tu mtu anapopotea utawasikia wakianza, "Lakini iko pale juu!" Naam, iko pale juu. Hakuiona.

Andika alichofanya. Aliyosema mwishoni yape uzito mdogo, kwani mgeni mwenye adabu atakuambia tovuti ni nzuri hata kama hakumaliza kazi. Kama unahitaji namba ya kuwaonyesha wakubwa, kuna SUS, dodoso la kupima urahisi wa kutumia mfumo, alilolitunga John Brooke mwaka 1986: kauli 10, alama kuanzia 0 hadi 100, na wastani unaotajwa sana ni 68. Alama hizo si asilimia, ingawa watu huzisoma hivyo kila siku. Nalitumia kulinganisha kabla na baada ya marekebisho. Kukuambia kwa nini mtu alikwama, haliwezi.

Upande wa mashine nitapita haraka zaidi, kwani maelekezo yake yako kila mahali. Usipimie kwenye kompyuta mpya iliyounganishwa na mtandao wa kasi. Chukua simu ya kawaida, yenye kumbukumbu iliyokaribia kujaa, au tumia zana za watengenezaji zilizomo ndani ya Chrome kupunguza kasi ya mtandao kwa makusudi. Google wana vipimo vitatu wanavyovisisitiza: kitu kikubwa zaidi cha ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200, kipimo kilichoingizwa rasmi Machi 2024, na alama ya kuhamahama kwa vitu isizidi 0.1. Hicho cha mwisho kila mtu anakijua hata kama hajui kinaitwaje: unataka kugusa "Ghairi", picha iliyochelewa inatokea juu, kila kitu kinashuka, na kidole kinaangukia "Lipa".

Lighthouse, kifaa cha kukagua kurasa kilichomo humohumo ndani ya Chrome, itakupa alama ya hadi 100. Ni kifaa kizuri. Lakini nimeshapima kurasa zenye alama za juu ambazo hakuna aliyeweza kuzitumia bila kuuliza, kwa hiyo sikubali alama hiyo isimame mahali pa watu.

Kuna jaribio la dakika chache ambalo ningependa kila mwenye tovuti alifanye leo: weka kipanya kando. Pita ukurasa mzima kwa kitufe cha Tab na Enter. Je, unaona uko wapi wakati wote? Unaweza kufungua menyu na kuifunga? Ukiingia kwenye dirisha dogo lililojitokeza, unaweza kutoka? Wapo watu wanaotumia kibodi peke yake kwa sababu ya mikono au macho, na hao ndio wa kwanza kufungiwa nje. Mwongozo wa WCAG, wa kufanya tovuti zitumike hata na watu wenye ulemavu, unaotolewa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, toleo la 2.2 la Oktoba 2023, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na sehemu za kugusa ziwe na angalau pikseli 24 kwa 24, pamoja na vighairi vyake. Yale maandishi ya kijivu juu ya weupe ambayo wabunifu wanayapenda hushindwa hapo mara kwa mara. Ukimaliza, washa kisoma skrini, programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini: NVDA ni ya bure kwenye Windows, na simu nyingi tayari zina TalkBack au VoiceOver. Kifaa cha ukaguzi hujua kama picha ina maelezo. Kama maelezo hayo yana maana, utajua ukiyasikia yakisomwa.

Fomu zinastahili ukorofi wa makusudi. Andika jina moja pale panapodai mawili. Andika jina lenye ritifaa, kama yale yenye ng'. Weka namba ya simu yenye nafasi katikati, kisha yenye alama ya kujumlisha mbele. Jaza kila kitu, kosea kisanduku kimoja, tuma, uone kama vingine vimefutika. Bofya "Tuma" mara mbili harakaharaka. Rudi nyuma katikati ya malipo. Na kila ujumbe wa kosa usome kama mtu mwenye haraka: "Ingizo batili" haimwambii ni kisanduku kipi wala afanye nini.

Kwa kila kasoro andika kifaa, kivinjari na toleo lake, hatua ulizopitia, ulichotarajia na kilichotokea. Bila hivyo mtengenezaji atakujibu kwamba kwake inafanya kazi, na atakuwa anasema kweli. Panga kasoro kwa swali moja tu: je, ilimzuia mtu kumaliza, ilimchelewesha, au ilimkera? Zilizozuia zitangulie, hata kama mkuu anaudhika zaidi na rangi ya nembo. Ikiwa mtu uliyempima amekupa ruhusa, kata kipande kifupi cha video akiwa amekwama na ukiambatanishe na ripoti. Wengi hawataifungua ripoti, lakini video wataitazama, na marekebisho hayatachukua muda kuanza.