Anza na karatasi kabla ya brashi

Mdogo wangu unayeanza kuchora, ukivutiwa na picha za kale za India usikimbilie macho marefu na maua ya yungiyungi. Mimi nilianzia huko. Nilijaza madaftari matatu ya tembo na wacheza ngoma. Kila picha ilipendeza, hakuna iliyosema kitu.

Aliyenifumbua macho ni Nilima Sheikh, mchoraji aliyezaliwa Delhi mwaka 1945. Alisoma historia kwanza, ndipo akaenda kusomea uchoraji Baroda, mji wa magharibi mwa India. Mwaka 1984 alichora mfululizo wa picha 12 ndogo za binti aitwaye Champa. Mwanzoni binti yuko kwenye baiskeli. Anaozwa, anateswa ukweni, mwishowe anachomwa moto kwa ajili ya mahari, ambayo kule hutoka kwa wazazi wa bibi harusi. Rangi ni za upole, kama za picha ndogo za makasri ya zamani, na ndiyo maana inauma: unaisogelea kwa uzuri wake, ukifika karibu unamkuta mtoto wa watu anateketea. Hakuazima mapambo ya wafalme. Aliazima namna yao ya kusimulia, tukio baada ya tukio, kwenye karatasi ya kushikika mkononi.

Karatasi yenyewe huitwa wasli, na unaweza kuitengeneza nyumbani. Gundisha karatasi tatu au nne kwa uji wa ngano uliotiwa chembe ya mrututu, ile chumvi ya shaba yenye rangi ya buluu, ili wadudu wasiile. Mrututu ni sumu: vaa glavu, na sufuria hiyo isirudi tena jikoni. Pangusa kwa kiganja kutoka katikati kwenda pembeni hewa itoke, kisha kandamiza kwa ubao mpaka ikauke. Yangu ya kwanza ilitoka malengelenge kwa sababu uji ulikuwa mzito, kama ugali unaoanza kushika. Ikikauka, isugue kwa mgongo wa kombe la kauri mpaka ing'ae. Hapo usifanye haraka hata kidogo. Karatasi isiyosuguliwa hunyonya rangi, na mstari mwembamba kama unywele huvimba mbele ya macho yako.

Halafu nakili picha moja tu ya kale, mwezi mzima. Ukimaliza, iweke kando, uchague mtu unayemjua na umchore mara 12. Mimi nilimchagua bibi anayeuza maandazi mtaani kwetu. Nimefika picha ya tano, na mikono yake bado sijaipata.