Ukiandika kuhusu tukio lililogeuza historia, anza na saa

Mwanafunzi mmoja wa chuo kaniletea ujumbe wiki hii. Amepewa kazi ya kueleza tukio lililogeuza mkondo wa historia ya dunia baada ya Vita Kuu ya Pili, naye kachagua mgogoro wa makombora ya Cuba wa Oktoba 1962, pale Wasovieti walipopeleka makombora ya nyuklia Cuba na Marekani ikataka yaondolewe. Kurasa zake nne za mwanzo zinaeleza Vita Baridi kwa jumla. Kennedy, rais wa Marekani wakati huo, anatokea ukurasa wa tano. Namjibu hapa hadharani, kwa maana inaniuma kuona somo lenye utamu wa namna hii likizikwa chini ya utangulizi.

Futa kurasa hizo zote nne. Chukua karatasi pana, ilaze, uchore safu nne: tarehe na saa, kilichotokea, nani alikijua wakati uleule, wengine walikuja kukijua lini. Usiandike hata aya moja kabla safu hizo hazijajaa.

Safu ya saa ndiyo inayowaangusha wengi. Kennedy alilihutubia taifa tarehe 22 Oktoba, saa 1 usiku ya Washington. Moscow ilikuwa saa 8 usiku, tarehe 23 imeshaingia, na Dar es Salaam vilevile, maana saa za miji hiyo miwili zinalingana. Tofauti ni saa 7. Usiibebe tofauti hiyo mpaka mwisho: alfajiri ya Jumapili tarehe 28 Wamarekani walirudisha saa zao nyuma, tofauti ikawa 8. Ndiyo maana tangazo la Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, la kuyaondoa makombora lilisikika Radio Moscow saa 11 jioni huku Washington ikiwa saa 3 asubuhi. Ukikosea hapo, majibu yatatangulia maswali.

Sasa mipaka. Siku 13 zinazotajwa kila mahali, 16 hadi 28 Oktoba, ni za Ikulu ya Marekani: zinaanza asubuhi ile McGeorge Bundy, mshauri wake wa usalama wa taifa, alipompa Kennedy habari za picha za makombora zilizopigwa na ndege ya kijasusi ya U-2 tarehe 14. Kwa Wacuba mambo yalianza mapema zaidi, tangu uvamizi wa Ghuba ya Nguruwe wa Aprili 1961, uliofanywa na Wacuba wa uhamishoni kwa msaada wa Marekani. Moscow uamuzi wa kupeleka makombora ulianza kuiva Mei 1962. Na meli za Marekani hazikuacha kuizingira Cuba tarehe 28. Kennedy aliziondoa 20 Novemba. Chagua mipaka yako, useme ni ya nani.

Safu ya tatu na ya nne ndizo zenye nyama. Tazama tarehe 24, siku lilipoanza zuio la baharini, yaani meli za Marekani kuzizuia meli za silaha zisifike Cuba. Dean Rusk, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alisema wametazamana jicho kwa jicho na mwenzao kapepesa, na waandishi wakaimeza kauli hiyo miaka mingi. Lakini meli za Kisovieti zilizobeba silaha zilikuwa zimeshaamriwa kugeuza tangu siku iliyotangulia, na zilikuwa mamia ya maili kutoka kwenye mstari wa zuio. Waliokuwa mezani Washington hawakulijua hilo. Ukiliandika kama walivyoliona wao tu, umeandika hofu yao, hujaandika tukio.

Kisha tarehe 27, Jumamosi. Hapo tulia, ijaze saa kwa saa. Meja Rudolf Anderson, rubani wa U-2 wa Marekani, anatunguliwa juu ya Cuba. Rubani mwingine, Charles Maultsby, anapotea njia na kuingia anga la Chukotka, mashariki ya mbali ya Muungano wa Kisovieti. Nyambizi ya Kisovieti B-59 inaangushiwa mabomu madogo ya kuitaka iibuke, na Wamarekani hawajui kwamba imebeba torpedo ya nyuklia. Kwa maelezo ya Vadim Orlov, aliyekuwemo, kamanda alitaka kuitayarisha torpedo hiyo. Vasili Arkhipov, afisa mwenzake humo nyambizini, akamtuliza. Habari hii ilikuja kusikika sana 2002. Jioni hiyohiyo ya tarehe 27 Robert Kennedy, ndugu wa rais na mwanasheria mkuu wake, alimwahidi balozi wa Kisovieti Dobrynin kwamba makombora ya nyuklia ya Marekani aina ya Jupiter yaliyoko Uturuki yataondolewa, ila pasiwe na tangazo. Yaliondolewa Aprili 1963. Mwaka 1989 ndipo Theodore Sorensen, aliyekuwa msaidizi wa Rais Kennedy, alipokiri kwamba, alipohariri kumbukumbu za Robert Kennedy zilizotoka 1969, aliyaondoa maneno yaliyoonyesha wazi kuwa hayo yalikuwa makubaliano. Kwa hiyo kila kitabu unachokishika, tazama kwanza mwaka kilipochapwa. Kilichotoka kabla ya 1989 kikikwambia Kennedy hakutoa kitu, usikilaumu, ila usikinakili.

Usifungwe na miji miwili pia, Washington na Moscow. Ndege za Kisovieti za kwenda Cuba zingehitaji pa kutua Afrika Magharibi. Guinea na Senegal zilikataa, ingawa uwanja wa ndege wa Conakry, mji mkuu wa Guinea, Wasovieti wenyewe ndio walisaidia kuupanua. Sékou Touré, rais wa Guinea, alikuwa na sauti katika jambo hili, nasi Waafrika tukiliandika bila kumtaja, nani atamtaja?

Mwisho, onyesha kilichogeuka kwa hati na tarehe: mkataba wa kuzuia majaribio ya nyuklia angani, baharini na anga za juu, Moscow, 5 Agosti 1963, na makubaliano ya mawasiliano ya moja kwa moja kati ya Washington na Moscow, 20 Juni 1963. Hili la pili lisikupite. Barua ya Khrushchev ya 26 Oktoba ilichukua karibu saa 12 kufika yote Washington kupitia ubalozi. Dawa yake haikuwa ile simu nyekundu ya kwenye filamu. Ilikuwa teleprinta, mashine ya kupeleka na kuchapa maandishi kwa waya, waya wake ukipita London, Copenhagen, Stockholm na Helsinki, na kila upande ukiandika kwa lugha yake ili tafsiri ifanywe na anayepokea.